Kidole Tumbo Hakijui Cheo

Askari hufundishwa tangu siku ya kwanza ya kuvaa magwanda kwamba maumivu ni jambo la kuzoewa. Malengelenge ya nyayo, mikanda ya shanta inayochuna mabega, usingizi wa saa tatu juu ya ardhi yenye umande: hayo yote huyameza kimya, na ni sawa ayameze, kwani jeshi lisilojua kuvumilia si jeshi. Hata hivyo iko aina moja ya maumivu ya tumbo ambayo uvumilivu hauisaidii kitu ila kuizidisha; na kwa kuwa huwapata zaidi vijana wa umri wa kuruta na konstebo, tumeonelea vema tuwaeleze ndugu zetu wa jeshi na polisi habari zake kwa kirefu.

Tuanze na jambo tuliloliona kwa macho yetu. Tulipokuwa makadeti, katika juma la mwisho la mazoezi ya porini, mwenzetu mmoja wa platuni aliamka alfajiri akasema tumbo linamsokota kitovuni. Uji hakuugusa. Sisi tuliosimama naye mstarini tulimcheka kidogo, tukamwambia ni chango, au ni maharage ya jana yaliyoivia nusu. Yeye naye hakutaka kwenda kwa mganga, na sababu yake ilikuwa na nguvu: kadeti aliyekosa mwendo wa mwisho wa kilomita 40 alirudishwa nyuma kuanza na kundi lililofuata, na aliyeonekana zahanati siku ya mwendo aliitwa mtegaji mpaka siku ya kuondoka chuoni. Basi akakaza mkanda, akabeba shanta lake na bunduki yake, akatembea.

Adhuhuri tulimwona amebadili mwendo. Alikuwa akiinamia upande wa kulia, kama mtu aliyeficha kitu kibindoni, na kila alipokanyaga shimo alikunja uso. Alisema maumivu yamehama, sasa yako chini karibu na nyonga. Jioni, ajabu, akasema amepata nafuu. Tulifurahi. Mkufunzi wetu alifurahi pia, akamsifu mbele ya platuni nzima kwa ukakamavu wake. Usiku wa manane alianza kutetemeka kwa homa, tumbo limekuwa gumu kama ubao, nasi tukambeba kwa machela kwa muda wa saa mbili mpaka pale ambapo gari la wagonjwa lingeweza kufika. Ile nafuu ya jioni haikuwa nafuu. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka.

Kidole tumbo, ambacho wenye kamusi hukiita pia kibole, na ambacho wengi wetu tunakijua kwa jina la hospitalini la apendiksi, ni kimfuko chembamba kama mnyoo kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, chini ya tumbo upande wa kulia. Urefu wake kwa mtu mzima ni kama sentimita 9, na unene wake ni kama wa penseli. Kina mlango mmoja tu. Wataalamu wa siku hizi wanasema kina kazi ya kuhifadhi vijidudu vyema vya tumboni na kusaidia kinga ya mwili, ila mtu aliyekitoa huishi bila upungufu wowote unaoonekana.

Taabu huanza mlango huo unapozibwa, aghalabu na kijiwe cha kinyesi kilichokauka, au kwa kuvimba kwa tezi ndogo zilizomo ukutani mwake. Ute hukosa pa kutokea, vijidudu huzaliana, na kimfuko hujaa na kukaza hata damu isiweze kupita katika kuta zake. Ukuta usiopata damu huoza, na uliooza hutoboka. Mambo hayo yote yaweza kutimia katika muda wa siku moja hadi tatu tangu maumivu ya kwanza. Kikitoboka, ule mkazo hulegea, na ndiyo sababu mgonjwa huweza kusikia nafuu kwa saa chache; kumbe usaha na kinyesi vimekwisha kumwagika ndani, na ugonjwa uliokuwa wa kidole kimoja sasa ni wa tumbo zima.

Kwa nini maumivu yaanzie kitovuni kisha yahamie kulia? Mishipa ya fahamu ya utumbo ni kama mlinzi asiyejua kusoma ramani: hupiga mbiu kwamba adui yupo, ila hawezi kutaja mahali alipo. Uvimbe ukiisha kufika kwenye utando unaozunguka tumbo kwa ndani, hapo hukutana na mishipa mingine iliyo hodari kwa shabaha, nayo hutaja mahali barabara. Mwaka 1889 daktari wa New York aliyeitwa Charles McBurney aliionyesha nukta yenyewe. Piga mstari kutoka ncha ya mfupa wa nyonga ya kulia hadi kitovuni, uugawe mafungu matatu. Mwisho wa fungu la kwanza kutoka mfupani ndipo mgonjwa asipotaka kuguswa.

Pamoja na kuhama huko, mgonjwa huchukia chakula, husikia kichefuchefu, na pengine hutapika baada ya maumivu kuanza. Homa mwanzoni huwa ndogo. Akikohoa, au gari likiruka shimo, hushika tumbo. Lakini si kila mgonjwa hufuata kitabu. Wako ambao kidole chao kimejificha nyuma ya utumbo, nao huumwa mgongo au ubavu. Wajawazito huweza kuumwa juu zaidi kuliko wengine. Na askari wa kike akiumwa tumbo la chini asikubali kuambiwa na yeyote, awe koplo au awe jamaa yake, kwamba ni la mwezi tu, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya mji wake huuma mahali pale pale, nayo huua upesi zaidi.

Hapana budi tutaje pia mambo yanayotendwa kwa nia njema na kuleta maafa. Kumpa mgonjwa wa namna hii dawa ya kuharisha ni kuuchochea utumbo ukipasue kidole chake. Kumpiga bomba la dawa za miti shamba ni vivyo hivyo. Kumkanda tumbo kwa nguvu, desturi iliyoenea sana katika mabweni yetu, hakumfai kitu. Asipewe chakula wala kinywaji mpaka mganga amwone, maana kama atapigwa nusukaputi inafaa tumbo liwe tupu. Apelekwe tu.

Wazee wetu vijijini hupenda kusema kwamba ugonjwa huu haukuwako zamani, kwamba ni wa Wazungu. Ziko dalili kwamba hawakusema uongo mtupu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyetumikia jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alikuja hapa Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira na baadaye Kampala. Dunia inamkumbuka kwa saratani ya watoto iliyopewa jina lake. Lakini jambo jingine lilimshangaza: vidole tumbo alivyovizoea kwao alivikuta kwa nadra mno miongoni mwa watu wa vijijini. Mwaka 1971 aliandika kwamba sababu ni chakula; kwamba mla ugali wa unga usiokobolewa, maharage, viazi na mboga hupata choo laini na kingi, na mla mkate mweupe hukosa makapi hayo. Wataalamu hawajakubaliana naye kwa kila neno. Hata hivyo idadi ya wagonjwa hupanda watu wanapohamia mijini, na askari anayeishi kwa chapati za unga mweupe na soda asijione mgeni katika habari hii.

Katika ugonjwa huu vyeo havina maana. Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza alikuwa avikwe taji tarehe 26 Juni 1902, wageni wa mataifa wamekwisha kuwasili London. Siku mbili kabla alilazwa juu ya meza katika jumba lake la Buckingham, na mpasuaji Frederick Treves akatoa usaha uliokuwa umekusanyika kandokando ya kidole tumbo. Sherehe zikangoja hadi tarehe 9 Agosti. Mwaka ule ule, mwezi Novemba, Meja Walter Reed wa jeshi la Marekani hakuwa na bahati ya mfalme. Huyu ndiye aliyeongoza tume ya madaktari iliyothibitisha huko Cuba kwamba homa ya manjano huenezwa na mbu, kazi iliyookoa askari wengi kuliko ngome yoyote. Alipasuliwa na daktari mwenzake wa jeshi, lakini utando wa tumbo ulikuwa umekwisha kushambuliwa. Alifariki akiwa na miaka 51.

Ndugu zetu wa polisi watapenda habari za Harry Houdini, aliyekuwa akiwaalika polisi wa kila mji wamfunge pingu zao na kumtia katika seli zao, naye akatoka. Mwezi Oktoba 1926 alipatwa na maumivu ya tumbo akiwa safarini. Alifika Detroit ana homa kali, watu wakamsihi aende hospitali, akakataa kwa sababu ukumbi umejaa na tiketi zimekwisha kuuzwa. Akacheza mchezo wake. Alifariki tarehe 31 ya mwezi huo, kidole tumbo kimepasuka. Pingu hazikumweza.

Kisa kinachotuhusu sisi zaidi kilitokea tarehe 11 Septemba 1942, ndani ya nyambizi ya Marekani iliyoitwa Seadragon, katika Bahari ya China Kusini, maji yaliyokuwa mikononi mwa Wajapani. Baharia kijana, Darrell Dean Rector, mwenye miaka 19, alikuwa akiumwa na dalili zote tulizozitaja. Nyambizi haikuwa na daktari. Ilikuwa na tabibu msaidizi mmoja, Wheeler Lipes, mwenye umri wa miaka 22, ambaye hospitalini alikuwa amepata kusaidia wapasuaji lakini hajapata kumpasua mtu kwa mkono wake. Hapakuwa na bandari ya rafiki karibu. Mkuu wa nyambizi aliamuru chombo kizame futi 120 ili mawimbi yasikitikise, na Rector akalazwa juu ya meza ya chakula ya maofisa.

Vifaa vilikuwa vya kubuni tu. Vijiko vikubwa vya jikoni vilikunjwa ili kushikilia midomo ya jeraha isifumbe. Kichungio cha chai kilifunikwa kwa shashi kikawa barakoa ya kuvutia etha. Spiriti ya kuendeshea torpido ilitumika kuua vijidudu. Wembe wa kupasulia haukuwa na mpini, ukabanwa kwa koleo. Wasaidizi walikuwa maofisa na mabaharia waliovaa nguo za kulalia, na mmoja alipewa kazi ya kuhesabu vijiko vinavyoingia tumboni ili ahakikishe vimetoka vyote, kazi ambayo karani yeyote wa ghala la kikosi ataiheshimu. Lipes alikitafuta kidole kwa muda, kwani kilikuwa kimejikunja na kujificha nyuma ya utumbo, akakipata, akakifunga, akakikata. Shughuli ilichukua kama saa mbili na nusu. Baada ya siku 13 Rector alikuwa amerudi kazini.

Magazeti ya Marekani yalilishangilia tendo hilo, na mwandishi aliyelisimulia, George Weller, alipata tuzo ya Pulitzer. Wakubwa wa tiba wa jeshi la majini hawakushangilia sana. Waliogopa kwamba kila tabibu msaidizi mwenye kijiko atajiona mpasuaji. Hofu hiyo haikuwa ya bure, maana kabla mwaka haujakwisha nyambizi nyingine zilifanya vivyo hivyo. Rector mwenyewe alikufa vitani mwezi Oktoba 1944, katika nyambizi nyingine iitwayo Tang. Lipes alisubiri nishani yake hadi mwaka 2005, miezi michache kabla ya kufariki.

Tunamheshimu pia daktari wa Kirusi Leonid Rogozov, ambaye usiku wa tarehe 30 Aprili 1961, katika kituo cha utafiti huko Antaktika, alijipasua mwenyewe tumbo kwa dawa ya ganzi, mmoja wa wenzake amemshikia kioo, kwa sababu daktari pekee aliyekuwako umbali wa mamia ya kilomita alikuwa yeye. Wote hao walifanya hivyo kwa kukosa njia nyingine. Askari wa kambi iliyo mwendo wa saa mbili kutoka hospitali ya wilaya hana udhuru wa kuigiza nyambizi.

Sasa tuje kwenye njia mpya, ambayo vijana wengi wameisikia kwa sifa zilizotiwa chumvi. Kwa miaka mingi kidole tumbo kilitolewa kwa mkato mmoja wa mshazari upande wa kulia, wa sentimita 5 hadi 8 au zaidi, misuli ikitengwa mpaka kilipo. Njia hiyo ni njema, na katika hospitali nyingi za wilaya ndiyo iliyopo hadi leo. Lakini tarehe 13 Septemba 1980, katika mji wa Kiel huko Ujerumani Magharibi ya wakati ule, daktari wa magonjwa ya wanawake aliyeitwa Kurt Semm alikitoa kidole tumbo pasipo kulifungua tumbo, akitumia matundu madogo na mrija wenye darubini. Kabla ya kusomea udaktari Semm alikuwa amejifunza ufundi wa kutengeneza zana, na vifaa vyake vingi alivibuni mwenyewe, kikiwamo chombo cha kupima na kuingiza hewa tumboni. Mtu angedhani alipigiwa makofi. Mkuu wa chama cha wapasuaji wa Ujerumani alitaka asimamishwe kazi. Hiyo nayo ni habari ambayo mtu yeyote aliyewahi kupeleka pendekezo jipya makao makuu ataielewa bila maelezo zaidi.

Waingereza waliupa upasuaji huo jina la tundu la ufunguo, yaani kuchungulia chumba bila kufungua mlango. Sisi tutauita upasuaji wa matundu madogo. Tulipewa ruhusa kuutazama katika hospitali moja mjini Kampala, tumevishwa kanzu ya kijani, kofia na barakoa, tumeonywa tusiguse kitu. Mgonjwa alikuwa askari wa miaka 22, aliyeripoti saa chache tu baada ya maumivu kuhama upande.

Alipigwa nusukaputi, akalala kabisa, mashine ikimsaidia kupumua. Mpasuaji alitoboa tundu la kwanza hapo kitovuni, lisilozidi upana wa kidole, na kupitia hapo akaingiza hewa ya kaboni dayoksaidi. Tumbo likapanda polepole kama hema linaloinuliwa. Tuliuliza kwa nini isiwe hewa hii tunayoivuta. Tukajibiwa kwamba kaboni dayoksaidi haishiki moto, jambo la maana mahali penye chombo cha kuunguza mishipa kwa umeme, na tena damu huifyonza upesi na mapafu kuitoa. Kisha ikaingizwa kamera, taa za chumbani zikapunguzwa, na sote tukageuka kutazama televisheni.

Hatujui tulitazamia kuona nini. Tuliona nchi ya waridi na manjano, inayong'aa kwa unyevu, ini limekaa juu kama mlima, matumbo yakijongea taratibu kwa mwendo wao wenyewe. Matundu mawili mengine, kila moja la milimita 5 hivi, yakatobolewa chini zaidi, na humo zikapita koleo ndefu nyembamba. Mpasuaji hakuitazama mikono yake hata mara moja. Aliusukuma utumbo kando, akakiinua kidole tumbo: kimevimba, chekundu, kimevaa ukungu mweupe wa usaha nchani, lakini kizima. Mshipa wa damu unaokilisha ukaunguzwa na kukatwa. Kitanzi cha uzi kikapitishwa hadi shinani kwake, kikavutwa, cha pili kikafuata. Kikakatwa juu ya vitanzi, kikatiwa katika kijifuko ili usaha usiguse ngozi, na kijifuko kikavutwa nje kupitia tundu la kitovuni. Hewa ikatolewa. Nyuzi chache, bandeji tatu ndogo. Saa ya ukutani ilionyesha zimepita dakika 45.

Tulimtembelea jioni. Alikuwa ameketi kitandani, akalalamika si kwa tumbo bali kwa bega la kulia, na kwa sauti ya chini akatuuliza kama aliangushwa alipokuwa amelala. Muuguzi alicheka. Hewa kidogo inayobaki huusumbua ukuta wa misuli ulio chini ya mapafu, na mishipa ya fahamu ya hapo hutoka shingoni, mahali pamoja na ile ya bega. Kwa hiyo mwili hudanganyika ukadhani bega ndilo linalouma. Huisha kwa siku moja au mbili. Kesho yake aliruhusiwa kutoka, na cheti cha kazi nyepesi mkononi.

Faida kwa askari ni dhahiri. Jeraha dogo halioti usaha kwa urahisi, maumivu ni machache, na mtu huinuka upesi. Tena mpasuaji anayetilia shaka, hasa kwa mgonjwa wa kike, huweza kuitembeza kamera tumboni kote na kuona kama adui ni kidole tumbo au ni kitu kingine kabisa. Lakini tusidanganyane. Njia hii inataka umeme usiokatika, mtungi wa hewa, kamera, mtaalamu wa nusukaputi na mpasuaji aliyefundishwa, na kwa hiyo haipatikani kila mahali. Pengine mpasuaji huanza kwa matundu, akakuta ndani kumeshikana au damu inatoka, akaamua kulifungua tumbo. Huko si kushindwa, ni kubadili mpango kufuatana na hali ya uwanja. Na askari aliyefika wilayani akaambiwa atapasuliwa kwa mkato wa kawaida asikatae kwa kungoja apelekwe Kampala kwenye kamera. Saa za kungoja zina hatari kuliko sentimita za kovu.

Wapo watakaouliza kama hakuna dawa tu. Ipo, kwa baadhi. Huko Finland madaktari waliwagawa wagonjwa 530 wenye kidole tumbo kisichopasuka wala kuwa na kijiwe, wengine wakapasuliwa, wengine wakapewa dawa za kuua vijidudu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015: kati ya kila 100 waliopewa dawa, karibu 73 walimaliza mwaka bila kupasuliwa. Baada ya miaka 5 idadi ya waliolazimika kupasuliwa ilikuwa imefika 39 katika 100. Wagonjwa hao walikwisha kupigwa picha maalumu kwanza, na walitunzwa hospitalini. Si sawa na askari anayenunua vidonge dukani na kurudi lindoni. Hata hivyo ni habari njema kwa walio mbali, na manowari za leo zenye mgonjwa katikati ya bahari humtibu kwa dawa za mshipani mpaka zifike pwani, badala ya kukunja vijiko.

Baada ya upasuaji liko jambo moja ambalo makamanda hutuuliza sana, nalo ni lini mtu arudishwe kwenye shanta. Aliyetobolewa matundu huweza kufanya kazi ya ofisini baada ya juma moja au mawili. Kubeba mzigo mzito, kukwea kamba na mieleka vingoje majuma kadhaa, na tarehe yenyewe huandikwa na mganga, si na sajini. Aliyepasuliwa kwa mkato hungoja zaidi. Ukuta wa tumbo ukilazimishwa kabla haujashikana waweza kuachia, utumbo ukasukumana nje chini ya ngozi, na hapo mtu hurudi tena mezani. Cheti cha kazi nyepesi hakimruhusu mtu kucheza mpira wa kikosi dhidi ya polisi, hata kama golikipa mwingine hayupo.

Mwenzetu yule wa chuoni hakupata matundu madogo. Kidole kilichokwisha kupasuka kilimletea mkato mrefu wa wima katikati ya tumbo, mirija ya kutoa usaha pande mbili, na siku 24 za kulala chali. Tulikwenda kumtazama Jumapili moja, tumempelekea ndizi asizoruhusiwa kula. Mkufunzi wetu alikuja pia, akasimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi, asijue la kusema. Chuo kilimrudisha nyuma kuanza na kundi lililofuata, jambo lile lile alilolikimbia asubuhi ile alipokataa kwenda kwa mganga, na nyota yake ya kwanza aliivaa mwaka mmoja baada yetu.